Anayegonga Bodi Kwenye Kona ya Nyabiyonza

Ukungu bado umelalia migomba ya Isingiro, wilayani Kyerwa, na kinachoonekana cha fundi Deodatha Polikarpi ni miguu tu. Sehemu nyingine yote imo chini ya pikapu kuukuu ya kijani, gari lililoinuliwa hadi mbuzi wanapita uvunguni bila kuinama. Anagonga chuma kwa nyundo, ananyamaza, anasikiliza. Anagonga tena.

"Chuma kizima kinaitika," anasema akiwa hukohuko chini. "Chenye ufa kinakohoa."

Hiki kinaitika. Na hilo ndilo linalomnyima raha, maana kingekohoa angepata cha kulaumu.

Kwa kawaida asubuhi kama hii magari hupanga foleni mbele ya gereji yake, paa la bati lililojibanza chini ya mparachichi. Leo lipo moja tu. Wateja wameingia mitini tangu zilipoenea habari za pikapu hii ya Gaudiosus Tumwine, mfugaji anayekusanya maziwa mbugani na kuyaleta Isingiro. Anakopita hakuna gari jingine linalofika wakati wa masika, kwa hiyo hubeba pia wagonjwa na wajawazito.

Alikuwa akiwabeba, tuseme. Siku hizi watu wanakataa kupanda. Wiki iliyopita mama mmoja mjamzito, Kembabazi, alizidiwa na homa. Ndugu zake walimbeba kwa machela kilima kizima, huku pikapu ikiwafuata taratibu nyuma, tupu, na wao wakiipungia mkono ipite iende zake. Kembabazi alitibiwa akarudishwa nyumbani kusubiri siku zake, nazo zimekaribia. Deodatha anasema safari ile ya machela ikirudiwa wakati wa uchungu, wataleta maiti mbili.

Sababu ya hofu yao ni kona moja ya barabara ya Nyabiyonza.

Huku, abiria aliye nyuma ya pikapu hapigi kelele akitaka kushuka. Hugonga bodi kwa kiganja, mara mbili, na dereva husimama. Tumwine, mtu mrefu asiye na maneno mengi, anasimulia akiwa amekazia macho kofia yake.

"Nikitokea upande wa mtoni, nyuma inashuka kama mtu amepanda. Nageuka, hamna mtu. Nikifika kwenye kona, bodi inagongwa. Nikisimama, nyuma inainuka yenyewe. Nisiposimama, inagongwa mpaka nisimame. Mimi fisi namfukuza kwa fimbo, Mama Aino, lakini hili siliwezi. Nitolee chuma chako."

Mama Aino ndilo jina ambalo wengi wanamjua Deodatha, kwa bintiye Ainomugisha. Marehemu baba yake alikuwa mhunzi wa majembe na mapanga, na ndiye aliyemfundisha kukaa na chuma. Wanaume walipomcheka alipofungua gereji, aliwaacha wacheke. Magari yao yalipolala nyuma kama kuku anayetaga, walirudi wenyewe.

Kazi yake kubwa ni springi za nyuma. Gari likiinuliwa ili lipite kwenye mawe na matope, nyuma hupata tabu: likiwa tupu linaruka, likibeba linalala na kuyumba. Springi mpya kutoka mjini hazipungui laki nane. Tumwine hakuwa nazo, na fundi wa kwanza alimwinulia gari kwa kuchomeka vipande vya mbao kati ya springi na ekseli.

"Mbao ni ya kitanda," Deodatha anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anacheka. "Ukiiweka kwenye ekseli unaandaa msiba."

Yeye alizitoa mbao. Pleti zilizokuwepo, yaani vile vyuma virefu vinavyopangwa kimoja juu ya kingine kuwa springi, alizinyoosha na kuzikunja upya. Kisha akaongeza pleti moja kila upande, kutoka kwa Jovitus muuza vyuma chakavu, akabadilisha boliti na shokapu. Kwa laki mbili na nusu gari likasimama sawasawa. Pleti haiweki motoni. Huikunja ikiwa baridi, kwa nyundo na subira.

"Moto ukizidi, chuma kinasahau kurudi," anaeleza. "Springi kazi yake ni kurudi. Unaibonyeza, inarudi."

Lakini wanaomfahamu wanamjua kwa jambo jingine. Hagusi chuma cha gari lililoua mpaka aulize: waliokufa humo ni kina nani, na matanga yao yameanuliwa? Kama hayajaanuliwa, chuma kinasubiri. Aliwahi kupanda bodaboda hadi Kimuli kuiuliza familia moja kama wamemaliza msiba, wakamshangaa, kisha wakampikia.

Kwa pleti za Tumwine hakuuliza. Masika yalikuwa yamekaribia, Tumwine alikuwa na haraka, na Jovitus aliutua mzigo akaondoka. "Nilisema nitauliza kesho," anasema. "Kesho ikanipita."

Sasa anazitoa. Pleti ya upande wa kulia anailaza juu ya gunia, anaisugua kutu, anaipaka mafuta ya taa na kuyaacha yapenye. Anaifuta ikauke, kisha anaipaka unga wa chaki. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha yatachora mstari kwenye weupe. Tumwine anachuchumaa. Kwenye migomba, ukungu unadondoka majanini kama mtu anayetembea polepole.

Chaki inabaki nyeupe.

Ila karibu na ncha, pale palipofunikwa na kutu na kibano, kuna kitu. Kishimo kidogo cha patasi, na mkwaruzo uliolala kando yake. Deodatha anapapasa kwa kidole gumba. Anapapasa tena, kisha anakaa chini, kwenye vumbi la chuma, bila kutazama anapokaa.

"Hii niliikunja mimi," anasema.

Ni alama aliyofundishwa na baba yake, aliyekuwa akisema mhunzi asiye na alama hana wa kumlaumu. Anaiweka kwenye kila kazi ya mkono wake. Anampigia simu Jovitus, na sauti ya Jovitus inasikika wazi kwa wote waliopo.

"Za lile lori la kahawa lililoingia mtoni, waitu, dada yangu. Maji yalipopungua walilivuta vipande vipande. Nilidhani unajua. Wewe huwa unauliza."

Kwenye lori lile utingo alikuwa Cleophace, mume wa Deodatha.

Springi za lori hilo Deodatha alizitengeneza mwenyewe, mume akimshikia taa. Lori lilipoacha njia na kutumbukia mto Kagera, dereva alipatikana. Cleophace hakupatikana. Watu wa hapa mwili ukikosekana huzika mgomba: hukatwa, huvishwa sanda, huliliwa, huwekwa kaburini katika kibanja cha nyumbani, na hapo matanga huanuliwa. Mama mkwe wake, Bibi Vestina, amemwomba miaka yote wafanye hivyo. Deodatha alikataa. Alikuwa akisema mtu hazikwi kwa kubahatisha.

"Nilikuwa naogopa arudi akute kaburi lake," anasema, na machozi yanamtoka bila kuyafuta. "Nimezunguka wilaya nzima nikiuliza matanga ya watu. Ya kwangu sikuyauliza."

Baadaye, akiwa ameshika kikombe cha chai kilichopoa, anaeleza kuhusu ile kona. Pale ndipo inapoanzia njia ya mkato ya kwenda nyumbani kwao. Kila jioni lori likipita, Cleophace aligonga bodi mara mbili na kuruka chini. Deodatha alikuwa akisikia kutoka jikoni, ndipo alipoipua ndizi.

Tumwine anavua kofia. Anauliza kwa sauti ya chini kama pleti hizo zitupwe, au zizikwe.

"Chuma kizuri hakizikwi," Deodatha anamjibu. "Kina watu wa kubeba. Tutazika mgomba."

Anazirudisha pleti zote mbili na kukaza boliti. Alasiri, Tumwine anachukua madumu matupu ya maziwa, na Deodatha anaomba lifti ya kwenda nyumbani. Anakaa nyuma, peke yake, mikono ameikunja ndani ya kanga. Mwandishi wa makala haya amekaa mbele, na anaiona mikono hiyo kupitia kioo.

Barabara inapokutana na ile itokayo mtoni, nyuma ya gari inashuka. Si shimo. Inashuka taratibu na kubaki chini. Deodatha anasogea kidogo pembeni, kama mtu anavyompisha mwenzake.

Kwenye kona bodi inagongwa mara mbili. Mikono yake bado imo ndani ya kanga.

Tumwine anasimama. Nyuma inainuka. Deodatha anasubiri kidogo, kisha anashuka na kuishika njia ya mkato katikati ya migomba, akiongea kwa sauti ya chini, macho mbele, kama anayeongea na mtu aliyemtangulia hatua chache.

Mazishi yatakuwa Jumamosi. Bibi Vestina ameshachagua mgomba. Baada ya hapo Deodatha anapanga kukaa nyuma ya pikapu siku Kembabazi atakaposhikwa na uchungu, wapite kona hiyo pamoja, watu waone. Kembabazi amekubali, kwa sharti kwamba fundi amshike mkono njia nzima.

"Nikishamzika, natumaini kona itanyamaza," anasema akiwa mlangoni kwake, moshi wa jikoni ukitoka nyuma yake. "Natumaini kweli. Lakini Tumwine nimemwambia, siku yoyote ikigongwa, asimame."