Mdomo Wangu na Buni za Ihembe

Kosa ni langu. Simsingizii shetani, maana siku ile hakupata hata nafasi ya kusema; nilisema mimi tu.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu juzijuzi, kichwa kimejaa maswali. Mimi Mlutheri wa Kimuli, mchumba wangu Agata Mkatoliki wa Ihembe. Baba yake alikuwa amekwisha kulainika. Tulibakiza kwenda kwao kupokea jibu la posa.

Agata alinionya: "Ukisikia habari za dini, tafuna buni."

Buni, zile kahawa kavu za kutafuna, zililetwa kwenye kikapu kidogo, kama mgeni anavyokaribishwa kwetu. Baba yake akaniuliza kwa upole, "Msomi wetu, ule Uasi wa Ulaya uliolipasua Kanisa mliusoma huko chuoni?"

Baba mdogo wangu, mzee wa kanisa aliyenisindikiza, akakohoa. "Sisi tunasema Matengenezo, mzee mwenzangu."

"Matengenezo! Mtoto akihama na nusu ya migomba ya baba yake, ametengeneza nini?"

"Shamba lilimezwa na magugu, mzee. Baba hakutaka kupalilia!"

Walikuwa wanacheka, jamani! Nilichotakiwa ni kutafuna tu.

Nikasimama. "Wazee wangu, hayo ni majina. Mwizi na mwenye mali hawawezi kuuita wizi jina moja."

Kicheko kikakatika.

"Mwizi ni nani?" akauliza baba yake Agata.

"Hebu tuambie," akadakia baba mdogo. "Mwizi ni nani?"

Ole wangu! Nikaanza kufafanua. Kila nilipofafanua, wote wawili wakazidi kuwa wezi.

"Mchukue mwanao, ndugu yangu," akasema mwenye nyumba.

"Unisamehe, ndugu yangu," akajibu baba mdogo.

Ndugu! Kanisa lililokuwa limepasuka kwa zaidi ya karne nne liliungana siku ile Ihembe, mimi nikiwa nimetolewa nje.

Agata alinifuata hadi kwenye migomba, macho mekundu. "Ulikuja kuoa au kusahihisha mtihani?"

Nikaanza kufafanua, akaniacha nikiifafanulia migomba. Mimi, mwenye jibu la kila kitu!

Aliolewa na mwalimu mmoja wa Ndama, mtu mkimya. Baba mdogo alialikwa harusini, akakaa karibu na baba yake Agata. Mimi nililetewa salamu.

Wasomi wenzangu, hata leo nadhani nilisema kweli. Lakini nyumba yangu haina mtu wa kuniambia "shikamoo" wala wa kunibishia. Ukienda kuposa ukaulizwa mambo ya Ulaya, kikapu kiko mbele yako. Tafuna!