Waya Juu ya Paa Letu

Mume wangu ni fundi wa kushona kanzu, na miaka yote mkono wake wa kuume ndio uliotulisha. Siku ulipoanza kutetemeka, hakuutazama mkono; alitazama juu. Juu ya paa letu hapa Kisangani inapita waya nene inayoleta umeme kutoka kwenye bwawa la mto Tshopo. Inapita tu, jamani! Kwetu haishuki, sisi tunawasha taa ya betri. Lakini inalia mchana kutwa, nzzz, hasa mvua ikinyesha.

"Hii waya iko nakula mishipa yangu," alisema. Majirani walikubali upesi, maana kila mmoja alikuwa na kichwa kinachomuuma na hakuwa na wa kumlaumu.

Nilimburuta mpaka kwa daktari wa mishipa ya fahamu, kijana mpole. Alieleza kwamba umeme ukipita kwenye waya, pembeni yake hutokea nguvu ya sumaku, na nguvu hiyo ikiwa kubwa mno inaweza kweli kuchezea mishipa, hata mtu aone vimulimuli machoni. Lakini inayofika kitandani kwetu ni dhaifu, na hajui ushahidi wowote kwamba inaleta mtetemo wa namna hii. Tena umeme usipopita, hakuna kitu, ni chuma tu.

"Papa, ugonjwa uko ndani ya ubongo wenyewe," alisema. "Kuna dawa. Haitauondoa, lakini itatuliza mkono."

Eh! Mume wangu alisimama akatoka. Dawa nilizichukua mimi, nikazifunga kwenye pindo la kitenge.

Wiki ile ile akahamia Yanonge kwa dada yake, ambako hakuna nguzo hata moja. Watoto wetu wanaishi mbali, wana nyumba zao. Mimi nilibaki, maana nyumba ikiachwa tupu huku kwetu, ukirudi unamkuta mwenyewe mwingine. Akipiga simu alisema, "Mkono umetulia, mama. Alhamdulillahi." Nilifurahi na nilikasirika kwa pamoja. Nilipika lituma, ndizi zetu za kuponda, ya mtu mmoja, kisha nikaitazama tu mpaka ikapoa. Nilikuwa na upweke. Na wivu pia, msicheke: kama si waya, basi labda ni mimi niliyekuwa namtetemesha, na dada yake ndiye aliyemtuliza.

Halafu mashine za kule bwawani zikaharibika. Waya ikanyamaza, siku baada ya siku, na mji wote ukalalamikia giza. Mimi peke yangu nilishangilia kama mwendawazimu. Nilimwachia jirani ufunguo, nikapanda toleka, baiskeli ya kubeba abiria, mpaka bandarini, nikapata mashua ya kwenda Yanonge. Habari kama hii sikutaka kuitoa kwenye simu. Nilitaka kurudi naye.

Nilimkuta nyuma ya nyumba ya wifi yangu, mkono ameukalia. Ameukalia kabisa, kama mtu anayezuia kuku asitoroke! Alipoinuka kunipokea, mkono ukatoka ukaanza kucheza kuliko zamani. Cherehani yake ilikuwa pembeni, imefunikwa na gunia. Kumbe kwenye simu alikuwa ananidanganya muda wote.

"Ni ile waya," alisema haraka. "Sumu yake bado iko natoka. Inatoka pole pole."

Nilifungua pindo la kitenge, nikampa dawa. "Hizi ndizo za kutoa hiyo sumu," nilisema. Akazimeza bila ubishi. Nusu ya maji ilimwagikia kifuani, nami nikampangusa.

Tulikaa. Kisha akauliza, macho chini, "Bado iko nalia? Ingenyamaza, leo leo ningerudi na wewe."

Jibu nilikuwa nalo mdomoni, ndilo lililonitoa Kisangani. Lakini akilini nilimwona amelala kitandani kwetu chini ya chuma kilichokufa, mkono unatetemeka vile vile, na hana tena wa kumlaumu ila mwili wake. Nilimpenda sana saa ile, na nilimkasirikia mno.

"Inalia," nilisema.

"Sema wallahi."

"Wallahi, inalia."

Akatikisa kichwa, akaukalia mkono wake tena. Kesho yake nilipanda mashua peke yangu, nikarudi kwenye nyumba isiyokuwa na sauti yoyote, ndani wala juu.