Siku Niliyofuta Sauti ya Mama

Anayetaka kucheka acheke sasa hivi amalize, maana haya yamenipata mimi mwenyewe, saa tisa mchana, nikiwa na akili zangu timamu.

Nina steshenari hapa Karatu. Kompyuta yangu ilikuwa na diski moja nzima, kazi za wateja na mambo yangu vimelundikana pamoja, na flashi zao zikileta virusi vinakula vyote. Nikaamua kuigawa sehemu mbili. Lakini diski iliyojaa haigawanyiki, lazima kwanza upunguze vitu, nafasi ipatikane. Na kilichoijaza zaidi ni video za marehemu mama, akisimulia hadithi kwa Kiiraqw nyumbani kwetu Baray. Sauti yake nyingine sikuwa nayo popote.

Siku hiyo ukungu ulishuka mpaka barabarani. Akaingia Elisante, dereva wa watalii, rafiki yangu wa miaka mingi, mtu aliyebeba jeneza la mama begani. Nilifurahi, kwa sababu kompyuta anazijua kuliko mimi. Chai aliikataa, na Elisante hajawahi kukataa chai, ila mimi kwa ujinga wangu sikujiuliza. Akatoa diski ya nje mfukoni, akanakili video zote. Niliuona ule mstari wa kijani ukijaa hadi mwisho. Nikamwambia tuzifungue kwanza tuhakikishe zinacheza. Akaniangalia kama vile nimemtukana.

"Dada, yaani mimi huniamini?"

Nikaona haya. Nikazifuta. Nikamwaga na pipa la taka la kompyuta. Kidole kilichobonyeza ni changu, niaminini. Diski ikapungua vizuri, nikaikata, zikatoka sehemu mbili safi. Kugeuka nimshukuru, hayupo, wala mlango sikuusikia.

Nikampigia simu kuulizia ile diski. Nyuma yake nilisikia ng'ombe.

"Niko huku mlimani Nainokanoka tangu juzi, dada. Gari limezama kwenye tope na wageni wote wako hapa. Diski gani hiyo?"

Nilidhani ananitania. Kesho yake akarudi ametapakaa tope, wageni wake wakasema hawakuachana naye hata saa moja. Nikapeleka kompyuta kwa fundi Arusha. Akahangaika siku mbili, akaniambia nilipoigawa diski nilivuruga hata kile ambacho kingeweza kurudi.

Huu ni mwaka wa pili. Elisante hana kosa, najua, lakini akinichekea nauona uso ule ule ulioniibia, na mkono wake siupokei. Wewe ungeweza? Kinachoniuma ni kwamba nilisalitiwa na sura niliyoipenda, na sasa nimempoteza na mwenye sura.

Basi wewe mwenye sauti ya mtu wako ndani ya mashine, usiifute kabla hujaisikia ikisema kwingine, hata anayekuhimiza awe ndugu yako wa damu. Yangu iliyoibwa bado naisikia. Ukungu ukishuka, mama huniita mlangoni kwa Kiiraqw, na kile kikohozi chake, akiomba nimfungulie kwa kuwa nje kuna baridi. Nakaa ndani nalia, na mlango siufungui.