Wiki Tatu za Asubuhi ya Giza

Kabla ya vita, Jumamosi zetu zilikuwa za kuosha. Baba Wanjiru aliosha teksi yake kwenye maegesho nyuma ya jengo. Dada yangu Zuhura aliosha mchele jikoni, dirisha likiwa wazi. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, mwenye neno juu ya kila jambo, na niliosha vyombo huku nikibishana na yeyote aliyekuwa karibu. Siku ninayoikumbuka ilikuwa ya vuli, majani yamejaa juu ya magari. Wanjiru, mtoto wa miaka tisa, alikuwa akizunguka maegesho kwa baiskeli. Baba yake alimsemesha kwa Kiswahili cha Nyeri, naye akamjibu kwa Kiingereza, kama ilivyokuwa kawaida yao. Zuhura alichungulia dirishani akamwambia Baba Wanjiru kwamba akizidi kulisugua gari hilo litabaki bati tupu. Akajibiwa kwamba watu wa Mombasa wanaishi kando ya bahari lakini maji wanayaogopa.

Jengo letu lilikuwa mashariki mwa Washington, karibu na mpaka wa Maryland. Jioni ile ile, jua lilipokwisha kuzama, kijana mmoja alipigwa risasi kwenye ngazi za jengo la pili. Alifia hapo.

Magazeti yaliita hali ile uhalifu. Mimi niliuliza, na bado nauliza, kitu gani kinatakiwa kiwepo ndipo iitwe vita. Makundi mawili yaliyouza kokeini yalikuwa na mipaka: moja lilishika maegesho yetu, jingine lilishika mtaa wa chini. Yalikuwa na walinzi, na kila maiti ililipiwa kwa maiti. Mwanamume wa ghorofa ya kwanza aliuawa akinyoa ndevu, risasi ikiwa imepita ukutani. Mama mmoja mjamzito alipigwa kiunoni akiwa kituo cha basi. Asubuhi msimamizi wa jengo alikuwa akivuta mpira wa maji na kuosha lami, na maji mekundu yaliteremka mpaka kwenye mfereji.

Tuliegemeza magodoro kwenye madirisha. Bunduki ziliposikika tulilala sakafuni, nyuso chini, mpaka kimya kirudi. Kwa hiyo hatukuwahi kuwaona washambuliaji wanavyokuja. Tulichojua ni kwamba walikuja na giza. Mwanga ulikuwa na macho ya watu, na macho ya watu yalikuwa mashahidi.

Ndiyo maana habari ya saa ilitugawa.

Mwaka ule sheria mpya ilianza kufanya kazi. Zamani, kila mwaka, saa za Marekani zilisogezwa mbele kwa saa moja mwishoni mwa Aprili, ili jua lichelewe kuchomoza na kuzama kwa saa ya ukutani. Sasa zingesogezwa Jumapili ya kwanza ya mwezi huo, wiki tatu mapema. Kwingineko walibishana juu ya umeme, mashamba na mauzo ya madukani. Sisi tulibishana katika chumba cha kufulia nguo, kwa sababu kilikuwa chini ya ardhi na hakikuwa na dirisha. Watu wa Afrika Mashariki tulikutana humo Jumapili, mashine zikinguruma.

Baba Wanjiru aliifurahia sheria. Bintiye alikuwa hajagusa baiskeli tangu vuli. Akirudi shule akimaliza kula, jua limekwenda. Saa moja zaidi ya mwanga jioni ilimaanisha mtoto atatoka nje.

Zuhura alifanya kazi Wheaton, katika nyumba ya kutunzia wazee, pamoja na Bi Salma wa Unguja. Basi lao lilipita baada ya saa kumi na mbili asubuhi, na walilifuata kwa miguu kwa kukata maegesho yote. Mwanzoni mwa Aprili walikuwa wakitoka jua limechomoza. Saa zikisogezwa wangetoka gizani. Zuhura alikuwa amemwomba mkuu wake wa kazi wachelewe kwa zile wiki tatu. Aliambiwa wazee wanakunywa chai kwa saa ya ukutani.

"Mimi nimesapoti hiyo sheria," Baba Wanjiru alisema, akikunja shuka. "Watoto wanakaa ndani kama kuku wa kuuzwa."

"Mwamba ngoma huvutia kwake," Zuhura alimjibu. "Wataka jioni ya mwanao iwe ndefu. Asubuhi yangu waipeleka wapi?"

Bi Salma alisema kwamba kwao saa ya kwanza ya mchana huanza jua likishatoka, na serikali isiyojua hata hilo isingepewa saa kuishika. Watu wakacheka. Mimi nikaona ni zamu yangu. Nilieleza kwamba sheria haitengenezi mwanga hata wa kujaza kijiko, inauchukua kwa mmoja na kumpa mwingine, na kwamba swali la kweli ni nani aliyeulizwa.

Baba Wanjiru alinitazama kwa upole.

"University imekufunza kuuliza, kijana. Itakufunza kujibu lini?"

Jibu alilitoa mwenyewe siku ile saa zilipobadilishwa. Alibisha mlangoni kwetu akamwambia Zuhura kwamba kwa wiki hizo tatu atamaliza zamu yake ya usiku mapema, awachukue yeye na Bi Salma mlango wa nyuma awapeleke kituoni. Zuhura alikataa mara mbili, kwa adabu, kisha akakubali. Hakuna aliyesema kwamba ilikuwa fidia ya ule mwanga wa jioni, lakini wote tulijua.

Asubuhi ya kwanza niliteremka nao. Ilikuwa saa kumi na mbili na nje ni usiku kabisa. Teksi iliingia kutoka barabarani, ikakata maegesho polepole na kufika mlangoni bila taa hata moja. Bi Salma aliuliza kama taa zimekufa. Baba Wanjiru alisema amezizima makusudi. Alikuwa mtoto Nyeri wakati wa hali ya hatari, wanajeshi wa mkoloni wakizunguka vijijini usiku, na mama yake alimfundisha kufunika hata kaa la moto. "Aliyewasha taa ndiye aliyepigwa," alisema. Zuhura aliona ni maneno ya mtu aliyekwisha kupita katika moto. Hata mimi, mwenye kuhoji kila kitu, sikuona la kuhoji.

Wiki ya kwanza ilipita salama. Jioni baiskeli ilirudi maegeshoni. Sauti za watoto zilipanda mpaka ghorofa ya tatu, na Zuhura alisogeza godoro dirishani kidogo ili aone.

Wiki ya pili, kundi la mtaa wa chini lilimzika mtu wao. Tulijua watakuja kulipiza.

Asubuhi iliyofuata tulisimama ndani ya mlango wa nyuma, Zuhura, Bi Salma na mimi. Tuliisikia teksi kabla ya kuiona. Iliingia taratibu, nyeusi ndani ya weusi.

Mtu alipiga mluzi.

Kisha bunduki, kutoka pande mbili.

Vioo vilimwagika. Gari liliendelea kutembea lenyewe, likagonga nguzo, likasimama.

Bi Salma alikuwa chini. Mimi nilikuwa chini.

Zuhura alikuwa anakimbia.

Niliinuka nikamfuata. Kijana mmoja wa kundi la maegesho yetu, mwenye koti jekundu, alifika garini kabla yetu, bunduki mkononi. Aliinama akatazama ndani. Alisema, kwa sauti ya mtu aliyepotea njia, kwamba ni yule mzee wa teksi. Akarudi nyuma hatua kadhaa, akakimbia.

Zuhura alifungua mlango. Alivua mtandio wake akaubana shingoni mwa Baba Wanjiru, na damu ikapita katikati ya vidole vyake. Taya la kushoto la Baba Wanjiru halikuwepo. Hata hivyo alijaribu kusema, na Zuhura, aliyezoea maneno ya wagonjwa wa kiharusi, alimwelewa. Alikuwa akiuliza kama Wanjiru ameamka.

"Bado amelala," Zuhura alimwambia. "Tulia, kaka yangu."

Wanjiru alikuwa dirishani ghorofa ya pili. Nilimwona.

Baba yake alikufa kabla ya gari la wagonjwa kufika. Jua lilitoka tukiwa bado tumesimama pale. Askari wa upelelezi, mtu mzima, mchovu, alituuliza mara tatu kwa nini taa zilikuwa zimezimwa. Ndipo akatueleza tusichowahi kukiona tukiwa sakafuni: wauaji wa miezi yote ile waliingia hivyo hivyo, polepole, bila taa. Vita vya utoto wa Baba Wanjiru vilimfundisha kujificha. Vita vyetu vilimuua kwa kujificha.

Mjane wake na Wanjiru walihamia kwa ndugu zao Springfield. Hakuna aliyeshtakiwa.

Nimeyapima haya kwa miaka. Baba Wanjiru alikuwa sahihi: mwezi ule hakuna mtoto aliyepigwa risasi katika saa ile ya jioni. Zuhura alikuwa sahihi pia. Nilitaka mmoja wao awe amekosea, ili kifo kiwe na maelezo. Mwishoni mwa Aprili, tarehe ambayo sheria ya zamani ingesogeza saa, mwanga ulikuwa unafika kabla ya basi, na nilimwambia dada yangu kwamba rafiki yetu amefia ndani ya wiki tatu zilizoongezwa na watu wasiojua jina lake.

"Aliyempiga ni mtu," Zuhura alisema. "Usimwondolee lawama."



Mwaka uliofuata vita vilikuwa havijaisha, na saa zikasogezwa tena. Zuhura na Bi Salma walitoka kwa mlango wa mbele, tochi mbili zimewashwa, zikiwamulika nyuso zao wenyewe. Walitembea katikati ya maegesho wakizungumza kwa sauti kubwa, kwa Kiswahili, juu ya bei ya nyama, ili kila mwenye bunduki ajue ni akina nani wanaopita. Nilisimama mlangoni nikisikiliza mpaka basi likawachukua. Walifika salama siku ile na siku zote zilizofuata. Sijui kama ni zile tochi.