Noeli Zanella na Bembea Isiyo na Namba

Kitu cha kwanza ambacho mtu alikigundua kwa Noeli Zanella ni kichwa chake, ambacho hakikukaa wima alipozungumza. Alikiinamisha upande wa kulia, akashusha kidevu kidogo, ndipo maneno yakatoka, tena kwa sauti ya chini, kama kitu kinachopitishwa mahali pembamba. Mgeni angedhani anaumwa shingo. Watu wa Vacaria walijua sababu. Ujana wake na utu uzima wake wote Noeli aliuza tiketi katika kituo cha mabasi cha mji huo wa baridi na matofaa, kusini kabisa mwa Brazili, nyuma ya kioo chenye tundu moja dogo, na tundu lenyewe lilitobolewa kwa kimo cha mtu mwingine. Alipostaafu, kioo kilibaki kituoni, ila kichwa hakikupata habari. Hata jikoni kwake, akimwita binti yake aje mezani, aliinama.

Ukimtajia mji wowote wa Brazili, alikuambia basi lake huondoka saa ngapi na abiria hubadilisha wapi. Miji yenyewe hakuwahi kuiona. Watu wanaposafiri ndipo muuza tiketi anapokaa kazini, kwa hiyo Krismasi, Pasaka na likizo zote za shule zilimkuta kwenye kiti chake. Marehemu mumewe, Darci, alikuwa akimtania kwamba ameoa mwanamke anayeiaga dunia nzima, halafu anarudi nyumbani kupika maharagwe.

Miongoni mwa abiria wake alikuwepo Bibi Iracy, mke wa mwanajeshi, mzaliwa wa Belém, kule kaskazini ambako mto mkuu unaingia baharini. Kila Oktoba bibi huyo alikwenda kwao kwa ajili ya Jumapili ya Círio, siku ambayo mji mzima humsindikiza Bikira wa Nazareti barabarani, na wenye nadhiri huvuta kwa mikono kamba ndefu iliyofungwa kwenye gari lake. Mwaka mmoja aliporudi, alipitisha kwenye tundu la kioo kipande cha kamba hiyo, kinene kama kidole gumba. Akamwambia Noeli kwamba kukipata kipande si kitu, kuishika kamba yenyewe ndiyo habari. Mwanajeshi akahamishwa, Bibi Iracy hakuonekana tena, na kipande kikaishi miaka mingi kwenye droo, pamoja na mihuri. Siku ya mwisho ya kazi Noeli aliacha mihuri, akachukua kamba. Juma lililofuata akanunua mkoba mkubwa wa mgongoni na kutangaza kwamba atashuka na mto kutoka Manaus hadi Belém, aishike kamba kwa mikono yake miwili.

Binti yake Marlise hakucheka, na hilo lilimuuma Noeli kuliko kicheko. Alikata tiketi ya ndege ya kumpeleka mama yake Manaus, kisha akakata na nyingine ya kumrudisha nyumbani kutoka Santarém, katikati ya safari ya mto, Jumatano saa sita mchana. Walikubaliana hivi: meli ikifika Santarém, mama apige simu. Ikiwa yuko sawa, aendelee hadi Belém. Ikiwa sivyo, apande ndege.

"Nami sitasikiliza maneno yako, mama," Marlise alisema. "Nitasikiliza sauti. Ile ya kusema sijambo huku unalia ninaijua."

Noeli alikubali kwa sababu alijiamini. Kuna mtu gani nchini aliyejua safari kumshinda yeye?

Jumatatu alifika gatini Manaus saa moja kabla ya meli kung'oa nanga, jambo ambalo Vacaria huhesabiwa kuwa ni uangalifu mkubwa. Bembea yake mpya ya kulalia, kitambaa cha kutundika kwa kamba mbili, ilikuwa imekunjwa kwapani. Alimwendea mkagua tiketi, akainamisha kichwa, akauliza nafasi yake ni namba ngapi.

Mkagua tiketi aliitazama ile tiketi mbele na nyuma, labda kweli kuna namba asiyowahi kuiona. "Namba hakuna, mama. Ni pale utakapotundika."

Noeli alipanda ghorofa ya pili, na alichokiona kilimsimamisha. Kutoka tezi hadi omo hapakuwa na sakafu wala dari, ni bembea tupu, nyekundu, kijani, za mistari, za maua, zimepandana kama nguo za ukoo mzima kwenye kamba moja. Wenyeji walikuwa wamekuja jana yake kutundika, wakarudi majumbani kula na kuaga, maana kwenye mto bembea ikishatundikwa nafasi ina mwenyewe, na hakuna mtu mwenye akili anayeigusa. Aliyeuza maelfu ya viti vyenye namba hakupewa hata kimoja. Alipata upenyo mmoja tu, karibu na mlango wa choo, ambapo kila apitaye ilimlazimu amsukume.

Akafunga kamba zake kama alivyozoea kufunga vifurushi vya kituoni, fundo juu ya fundo juu ya fundo. Baada ya chakula cha mchana, meli ikiwa imeshaingia katikati ya maji na watu wote wamejilaza, naye akapanda. Alijinyoosha katikati, miguu imebanana, mikono kifuani. Mgongo ukapinda kama ndizi. Akajigeuza. Mafundo yale yote yakateleza kwa pamoja, na Noeli Zanella akashuka mchana kweupe, mbele ya halaiki, hadi juu ya gunia la jirani yake.

Lilikuwa gunia la unga wa muhogo, ule wa mji wa Uarini wenye chembe za mviringo kama mayai ya samaki. Likapasuka. Kicheko kilianzia chooni, kikatembea hadi mbele na kurudi. Mwenye gunia, mwanamke mnene wa makamo aitwaye Deusarina, aliyekuwa akirejea Belém kutoka kumwona mjukuu, aliinua kichwa kutoka kwenye bembea yake bila haraka.

"We Kusini," alisema, maana lafudhi alishaisikia, "kama ulitaka unga si ungeomba tu?"

Noeli aliomba radhi huku akizoa chembe kwa viganja. Alijaribu kuzoa na machozi pia. Usiku ule hakulala sana. Aliketi kwenye benchi ya chuma akiwaza kwamba Marlise alikuwa amepima vizuri, kwamba ndege ya Jumatano ni kitu cha busara, na kwamba mtu anaweza kufa bila kushika kamba yoyote, wengi wamekufa hivyo.

Asubuhi, kwa mazoea tu, alitoa mkobani kibuyu chake cha majani machungu, chupa ya maji ya moto na mrija wa chuma, akajiandalia kinywaji cha kwao. Kusini kinywaji hicho hakinywewi peke yako ikiwa kuna mtu karibu. Akamjazia Deusarina kibuyu, akampa. Deusarina alionja, akakunja uso, akaushika mrija na kuukoroga kama kijiko cha chai.

Damu ilimpanda Noeli kichwani. Mrija haukorogwi. Vacaria watu wamenuniana kwa chini ya hapo.

"Huo hauguswi, dada," alisema, akijizuia. "Unaletewa ukiwa umeshawekwa sawa, unanyonya mpaka kibuyu kilie kikiwa kitupu, unarudisha. Kuukoroga ni kumwambia mwenye kibuyu hajui kazi yake."

Deusarina aliuacha mrija kama aliyeguswa na moto. Akanywa mpaka kibuyu kikalia, akarudisha.

"Kumbe na nyinyi mna desturi zenu," alisema. "Basi inuka nikuonyeshe za kwetu. Jana umelala kama maiti. Bembea siyo jeneza."

Kamba, akaeleza, haifungwi mafundo mengi. Inazungushwa kwenye boriti mara mbili, inapita chini ya shingo yake yenyewe, pale inaposhukia bembea, na ncha inarudishwa ikiwa imekunjwa, ili uzito wa mwili ndio uikaze na mvuto mmoja wa mkono ndio uifungue. Na mtu halali kwa urefu wa bembea, analala mshazari, kichwa kona hii na miguu kona ile, kitambaa kinyooke chini yake. Noeli alifunga, Deusarina akafungua. Akafunga tena. Mzee mmoja wa bembea ya kijani akatoa maoni kwamba sasa inafanana na fundo. Mama mmoja aliyekuwa akinyonyesha akasema bado, iko upande. Kufikia adhuhuri ghorofa nzima ilikuwa imejitwika jukumu la elimu yake, na kibuyu kilikuwa kimezunguka hadi kwa nahodha, aliyekirudisha na salamu kwamba kichungu hivyo lazima ni dawa.

Mchana ule Noeli alilala mshazari. Alilala na choo chake, na mlango wake, na watu wake wakimsukuma kila walipopita, kisha akaamka akakuta jua limegeuka, mgongo haumuumi, na kwenye kifua chake kuna sahani ya samaki wa kukaanga iliyofunikwa.

"Nilikuita ukakoroma," Deusarina alisema. Halafu akauliza jambo aliloonekana kulitafakari tangu Manaus. "Hebu niambie, kwa nini ukiongea unainama? Unatafuta kitu?"

Noeli akasimulia habari za kioo na tundu. Deusarina akatazama pande zote za meli, upande wa msitu na upande wa maji, kwa makini ya dhihaka.

"Hapa mimi kioo sikioni," alisema.

Meli ilifunga gati Santarém jioni ile, na ililala hapo ikipakia shehena hadi kesho yake; simu Noeli aliiahirisha mpaka asubuhi. Jumatano asubuhi abiria wanaoshuka walianza kukusanya vitu. Hapo ndipo ilipofaa miaka yote ile ya kutazama watu vituoni. Noeli hakuwatazama wanaopiga kelele za kuaga. Aliwatazama wanaovaa soksi, maana hao ndio wanaoshuka kweli. Kule mbele kabisa, kando ya ukingo, kwenye boriti ambayo upepo hufika wa kwanza, mwanamume mmoja mwenye bembea ya bluu alikuwa akivaa soksi.

Noeli alivuta ncha zake mbili, bembea ikaanguka mikononi. Akapita chini ya bembea za watu akiwa ameinama, akatokea mbele wakati ile ya bluu inashuka. Mfanyabiashara wa nguo mwenye mabegi matatu alikuwa akija kwa kasi kutoka kwenye ngazi, macho kwenye boriti hiyohiyo. Noeli akazungusha mara mbili, akapitisha chini ya shingo, akakunja, akavuta. Upande wa pili vivyo hivyo. Mfanyabiashara alisimama, akaikagua ile kamba akitafuta kasoro, akakosa, akageukia boriti nyingine.

"Kusini amenyakua mbele," mzee wa bembea ya kijani aliwatangazia wote, na wale waliocheka Jumatatu wakapiga makofi.

Simu ililia wakati huohuo. Ilikuwa saa tatu. Marlise hakuwa amengoja kupigiwa. Aliuliza kwanza kelele zile ni za nini. Akauliza kama mama amelala, kama amekula, kama miguu imevimba. Kisha akafika pale alipotaka kufika. Teksi ya uwanja wa ndege, alisema, iko tayari, dereva ni mtu mwema, mama asione haya.

Noeli alikuwa amesimama kwenye ukingo, mkono mmoja umeshika simu, mwingine umeshika boriti, mto mpana mbele yake.

"Mwambie dereva asinisubiri," alisema. "Nimepata nafasi ya mbele. Nimefunga mwenyewe."

 Vacaria, jikoni, maji yalisikika yakichemka.

"Mama, mbona unaongea kwa sauti kubwa hivyo?"

"Huku hakuna kioo, mwanangu."

 Marlise alipojibu, sauti iliyokuwa na machozi safari hii ilikuwa yake. Alimwambia mama yake awasalimie watu wa Belém, na kwamba akiishika hiyo kamba asiiachie mpaka ampigie.

Saa sita ndege ilipita juu ya mji, ndogo, nyeupe, ikielekea kusini. Noeli aliitazama kutoka kwenye bembea yake, mshazari. Chini yake mtu mwenye miwani, aliyepandia hapo Santarém, alikuwa akigeuza tiketi huku na huku. Kati ya wote alimchagua yeye wa kumuuliza, huenda kwa sababu alionekana mwenyeji. Akataka kujua nafasi yake ni namba ngapi.

"Namba hakuna, baba," Noeli alisema. "Ila karibu na choo kuna upenyo mzuri. Mahali hapo pamenitunza vyema."

Deusarina alihamia jirani yake alasiri, kwa bidii na kwa kumsogeza mfanyabiashara wa nguo. Alikuwa na habari za nyumbani. Dada yake amebandika sufuria la majani ya muhogo kwa chakula cha Círio. Huchemka juma zima mpaka sumu itoke yote ndipo hutiwa nyama, na sahani moja imeshatengwa kwa ajili ya mtu mmoja wa Kusini. Noeli akauliza kuhusu kamba. Nafasi yake hupatikana vipi?

"Kama hapa," Deusarina alisema. "Unakwenda mapema kuliko wote, usiku bado mbichi. Unashika, unakaza. Na viatu unaviacha nyumbani, kamba inavutwa miguu mitupu."

Noeli alitafakari hilo kidogo. Akavua viatu, akavifunga kwa kamba zake nyuma ya mkoba, akashuka kwenye bembea. Sitaha ya chuma ilikuwa imeshiba jua. Akapiga hatua moja, akauma midomo, akapiga ya pili, akaenda hadi ukingoni na kurudi, huku king'ora cha meli kikilia na Santarém ikianza kusogea nyuma. Kuanzia siku hiyo alitembea hivyo asubuhi na jioni, kichwa wima, akizizoeza nyayo zake zilizokulia kwenye soksi za sufu, na kila aliyemuuliza anafanya nini alimjibu kwamba anajiandaa kwa Jumapili.