Karanga Moja kwa Jina Moja

Mtoto wa dada yangu alikuwa na miaka saba, na kila swali alilirudisha kama lilivyokuja. Ukimuuliza, "Jina yako nani?" naye anasema, "Jina yako nani?" kwa sauti yako ileile. Siku hizo sikulijua neno usonji. Nilijua tu kwamba askari mmoja barabarani alidhani anachekwa, akampiga dada yangu kofi. Sasa vita vilikuwa vimekaribia Vulamba, kijiji chetu. Ilitubidi twende Beni, na njia ilijaa vizuizi vya askari, kila kimoja kikiuliza jina.

Mimi niliacha shule mapema, nikazurura, lakini jambo nisilolielewa huniwasha. Nikamfuata mtawa aliyefundisha watoto kama huyu. Akanionyesha: uliza, usingoje, taja jibu hapohapo. Akilirudia jibu, mpe anachopenda. Kesho taja nusu yake, kisha chezesha midomo tu bila sauti, kisha nyamaza.

"Wewe ulishindwa na mwaka ya tatu, leo uko mwalimu?" dada yangu alinicheka, huku akikaanga karanga.

Wiki tatu, karanga moja kwa jina moja. Ukichelewa kuitoa, mtoto alipiga mayowe mpaka majirani wakatoka nje. Hatimaye akajibu bila midomo yangu. Tukaondoka.

Kwenye kizuizi cha Kalunguta, askari aliyeshika kamba alimwinamia mtoto. "Nkombo na yo nani?"

Lingala! Alikuwa akiuliza jina, na mimi nilikuwa nimefundisha swali kwa Kiswahili tu.

"Nkombo na yo nani?" mtoto akarudisha, kwa sauti nzito ileile.

"Ananicheka?" Bunduki ikashuka begani.

"Hapana, chef," nikasema, kama askari wanavyoitwa kwetu. "Acha mimi nimuulize." Nikamgeukia mtoto. "Jina yako nani?"

Dada yangu akafumba macho. Kisha mtoto akataja jina lake, na la ubatizo pia, akamnyooshea askari kiganja.

"Anaomba nini?"

Karanga zilikuwa mfukoni mwangu, na mbele ya bunduki huingizi mkono mfukoni hovyo. Mtoto alianza kuhema; mayowe yalikuwa karibu.

"Karanga, chef. Akisema jina, tunamupatia. Iko mu mufuko yangu."

"Toa. Polepole."

Nikatoa moja, mtoto akaila. Askari akamtazama anavyotafuna. Halafu akataja jina lake mwenyewe, akanyoosha kiganja. Nikamwekea.

"Moja tu?"

"Jina ni moja, chef," dada yangu akasema.

Akacheka. Kamba ikashuka.

Mbele kulikuwa bado na vizuizi viwili. Tulipopita kona, kabla ya kunywa hata maji, nilichuchumaa mbele ya mtoto. "Nkombo na yo nani?" nikauliza, na hapohapo nikataja jina lake.