Stempu Niliyoisafisha

Nauza stempu za zamani mtandaoni, na hujigamba kuwa najua kupima hali zake. Moja niliiandika "chafu", kwa sababu ya muhuri mweusi wa posta ya Mgeta. Mzee mmoja wa huko akaona picha yake, akapiga simu kwamba anashuka Morogoro kuinunua. Kwa ujuaji wangu, nikausugua ule muhuri kwa pamba na spiriti mpaka ukatoweka.

Jana akafika amelowa mvua.

"Shikamoo, mzee. Nimekusafishia."

"Marahaba." Akaigeuzageuza. "Muhuri uko wapi?"

"Nimeufuta."

Akanirudishia taratibu.

"Marehemu baba alikuwa karani wa posta kule kwetu. Ule muhuri aliugonga yeye. Stempu yenyewe sikuwa na haja nayo, mwanangu."